Kabla Mkaguzi Hajafungua Vitabu Vyako: Kazi ya Barua ya Makubaliano ya Ukaguzi

Mteja wetu, kuna siku utaambiwa "leta hesabu zilizokaguliwa". Huenda ni benki unakoomba mkopo, huenda ni mfadhili wa shule yenu, au ni wanachama wa sacco wanaotaka kujua pesa zao zimekwenda wapi. Utatafuta mkaguzi, mtaongea kwa simu, mtapatana bei, naye atakuuliza taarifa ya miamala ya till au paybill yako ya mwaka mzima. Kufikia hapo wengi huona kazi imeshaanza.

Kabla hujatuma hata faili moja, kuna karatasi inayotakiwa kutangulia. Hiyo ni barua ya makubaliano ya ukaguzi, ambayo mkaguzi wako pengine ataiita kwa Kiingereza engagement letter. Kwa kawaida ni kurasa chache tu, na watu wengi huisaini bila kuisoma. Wengine hawajawahi kuiona kabisa.

Ukimaliza somo hili utajua barua hiyo ni ya nini, ndani yake kunafaa kuwa na nini, inakulinda vipi, na ni data gani ya malipo unayoweza kumpa mkaguzi bila kujiweka hatarini.

Barua hii ni nini hasa?

Ni mkataba wa kazi kati yako na mkaguzi. Unaeleza kazi itakayofanywa, nani atafanya nini, kwa hesabu za kipindi gani, kwa kanuni zipi, na mwishowe utapewa nini mkononi. Mkaguzi ndiye huiandika, wewe unaisoma, mnarekebisha pasipoeleweka, kisha pande zote mbili zinasaini. Kila upande unabaki na nakala.

Mkaguzi hakuletei karatasi hii kwa sababu ya mazoea ya ofisi yake. Kenya inafuata viwango vya kimataifa vya ukaguzi tangu 1999, na kimoja kati ya hivyo, ISA 210, kinahusu jambo hili tu: kukubaliana masharti ya kazi ya ukaguzi. Kwa hiyo mkaguzi aliyesajiliwa na ICPAK, taasisi ya wahasibu wa umma nchini, hapaswi kuanza kazi kabla masharti hayajakubaliwa na kuandikwa. Ukimwona anaharakisha kuingia kwenye vitabu bila barua, muulize iko wapi. Hapo humkosei heshima, unamkumbusha wajibu wake.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano nayo ni hivyo hivyo. Yakibaki mdomoni, kila mtu hukumbuka upande unaomfaa.

Kesi iliyowaamsha wahasibu

Kuna kesi moja ya New York, Marekani, ambayo wanafunzi wa uhasibu hufundishwa mpaka leo. Wakazi wa jengo moja la nyumba za ushirika walikuwa na kampuni yao, 1136 Tenants' Corporation. Jengo lilisimamiwa na wakala, ambaye alikusanya malipo ya kila mwezi na kulipa bili. Vilevile kampuni ilichukua ofisi ya wahasibu kwa ada ya dola 600 kwa mwaka. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, na barua haikuandikwa.

Kumbe wakala alikuwa akila pesa za wakazi. Ilipojulikana, wakazi waliwashtaki wahasibu wakisema, "Tuliwachukua mkague hesabu, mbona hamkuona?" Wahasibu wakajibu kwamba hawakuchukuliwa kukagua. Kazi yao, walisema, ilikuwa kupanga tu hesabu kutokana na taarifa za wakala.

Sasa nani anasema kweli? Pangekuwa na barua, jibu lingepatikana kwa dakika tano. Kwa kuwa haikuwepo, mahakama ilibidi ichimbue karatasi za kazi. Ilionekana kwamba wahasibu walikuwa wamepitia taarifa za benki, ankara na bili. Tena, katika karatasi zao kulikuwa na orodha ya ankara zilizokosekana, za zaidi ya dola 44,000, na wenye mali hawakuambiwa. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ya jimbo hilo ilikubali kwamba wahasibu wanawajibika. Fidia ilizidi dola 237,000, karibu mara 400 ya ada yao ya mwaka.

Soma kesi hiyo kutoka pande zote mbili. Wahasibu walipoteza pesa nyingi kwa kazi ya dola 600. Wakazi nao, ingawa walishinda, waliibiwa kwanza, kisha wakapigana kortini kwa miaka. Baada ya hapo taaluma ya uhasibu ilianza kusisitiza barua za makubaliano kwa nguvu.

Na usidhani hayo ni mambo ya mbali. Hapa kwetu kuna kampuni za wenye nyumba katika mtaa mmoja wa ghorofa, zenye paybill ya kulipia huduma, mlinzi, maji na taka. Pesa za watu wengi ziko mikononi mwa msimamizi mmoja, na kuna mhasibu anayekuja mara moja kwa mwaka. Je, mhasibu huyo aliitwa kukagua au kupanga hesabu? Ukiwauliza wanakamati watano, unaweza kupata majibu matano.

Kazi nne ambazo watu huziita "audit"

Mkanganyiko mwingi unaanzia kwenye jina. Mtu akisema "nataka audit", anaweza kuwa anamaanisha moja kati ya kazi hizi nne:

1. Ukaguzi kamili. Mkaguzi anatafuta ushahidi, anachunguza sampuli za miamala, anawaandikia benki na wadeni kuthibitisha, kisha anatoa maoni kama hesabu zinaonyesha hali halisi ya biashara. Uhakika anaotoa ni wa kiwango cha juu, ila si asilimia 100.

2. Mapitio ya hesabu. Hapa anauliza maswali na kulinganisha takwimu, lakini hachimbi kama kwenye ukaguzi. Uhakika ni mdogo zaidi, na bei kwa kawaida huwa chini.

3. Uandaaji wa hesabu. Anachukua taarifa zako na kuzipanga ziwe taarifa za fedha. Hatoi maoni yoyote kuhusu ukweli wake.

4. Taratibu maalum mlizokubaliana. Unamwambia, kwa mfano, "linganisha mapato ya paybill na risiti za karo za muhula wa pili." Anafanya hilo tu, anakuletea alichokikuta, na uamuzi unabaki kwako.

Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi Nakuru na benki inataka hesabu zilizokaguliwa. Unapatana na mhasibu KSh 40,000 kwa simu. Baada ya wiki tatu anakuletea kitabu kizuri kilichojalidiwa, chenye mihuri. Benki inakirudisha, kwa sababu ndani kuna uandaaji wa hesabu tu na hakuna maoni ya mkaguzi. Mhasibu hajakudanganya, amefanya kazi ya KSh 40,000 jinsi alivyoielewa. Umepoteza pesa na wiki tatu, na pengine bei ya simiti uliyotaka kuwahi nayo imepanda. Sentensi moja kwenye barua ingezuia yote hayo.

Mambo matano ambayo lazima yawemo

ISA 210 inataja mambo ambayo barua ya ukaguzi haiwezi kukosa. Tuyapitie kwa lugha ya dukani.

*Lengo na mipaka ya kazi.* Ni hesabu za nani, za kipindi gani? "Mwaka unaoishia 31 Desemba" ni tofauti na "miezi kumi na miwili iliyopita". Kama una matawi matatu, yote yanakaguliwa au ni la Eldoret peke yake?

*Wajibu wa mkaguzi.* Atafanya ukaguzi kwa kufuata viwango, atatumia sampuli, na atatafuta uhakika wa kuridhisha kwamba hesabu hazina kosa kubwa. Kosa kubwa ni lile linaloweza kubadilisha uamuzi wa anayesoma hesabu. Risiti ya KSh 300 ya chai ikipotea, usitarajie aandike ukurasa mzima juu yake.

*Wajibu wako.* Watu wengi huruka sehemu hii, na ndiyo yenye uzito zaidi. Ukisaini unakubali mambo matatu: kwamba kuandaa hesabu ni jukumu lako, kwamba kuweka udhibiti wa ndani ni jukumu lako, na kwamba utampa mkaguzi kumbukumbu zote na kumruhusu aongee na watu anaotaka kuongea nao. Usipokubali hayo, mkaguzi hapaswi kuichukua kazi.

*Kanuni za uhasibu zitakazotumika.* Biashara nyingi za kati hutumia toleo la IFRS la biashara ndogo na za wastani, lililotolewa 2009. Huhitaji kulisoma lote, ila ni lazima ujue hesabu zako zinapimwa kwa kipimo gani.

*Ripoti utakayopewa.* Barua inaeleza sura ya ripoti inayotarajiwa, na inaongeza kwamba ripoti inaweza kutofautiana na hiyo. Maana yake ni kwamba umelipia kazi, hujanunua majibu. Ushahidi ukikosekana, mkaguzi ana haki ya kusema hivyo kwenye maoni yake.

Je, mkaguzi si ndiye wa kushika mwizi?

Swali hili ndilo huvunja urafiki. Mwekahazina wa chama amekula pesa miaka miwili, kila mwaka hesabu zilikaguliwa, na wanachama wanauliza, "Mkaguzi alikuwa wapi?"

Viwango vya ukaguzi viko wazi hapa. Jukumu la kwanza la kuzuia na kugundua wizi ni la wasimamizi na kamati. Mkaguzi lazima afikirie hatari ya ulaghai na awe macho, lakini hachunguzi kila muamala. Ulaghai uliopangwa vizuri, wenye risiti bandia na watu wawili wanaoshirikiana, unaweza kumpita hata mkaguzi makini.

Kwa hivyo mkishuku wizi, msitegemee ukaguzi wa kawaida wa mwaka. Ombeni kazi maalum ya kuchunguza hilo, iwe na barua yake, mipaka yake na bei yake. Na hata kama hamshuku mtu, wekeni udhibiti mdogo: anayepokea pesa asiwe ndiye anayeziandika na kuzitoa, na taarifa ya paybill isomwe na zaidi ya mtu mmoja kila mwezi. Mkaguzi anakuja mara moja kwa mwaka, lakini mwizi anakuja kazini kila siku.

Kutokuwa na jukumu la kwanza hakumwachi mkaguzi huru kunyamaza. Kumbuka ile orodha ya ankara za dola 44,000. Akiona jambo lisilo sawa, anatakiwa kuliripoti. Hakikisheni barua inataja ataripoti kwa nani. Kama anayeripotiwa ni mwekahazina peke yake, na mwekahazina ndiye tatizo, mmejifunga wenyewe. Afadhali iandikwe mwenyekiti na kamati nzima.

Data ya malipo: unampa nini, na nini humpi

Mkaguzi wa biashara inayopokea pesa kwa simu atahitaji kuona miamala. Ni haki yake, na umekubali kwenye barua. Lakini kuna njia salama na njia ya kujitafutia matatizo.

Mpe:

- Taarifa ya miamala ya kipindi kizima, iliyopakuliwa moja kwa moja kutoka kwenye akaunti ya biashara. Usimpe picha za skrini au jedwali ulilochapa upya.
- Orodha ya miamala iliyorudishwa, na sababu zake.
- Maelezo ya ada zilizokatwa. Mteja akilipa KSh 10,000, hilo ndilo pato lako. Ada iliyokatwa huandikwa kando kama gharama, usiiandike kana kwamba uliuza pungufu.
- Miamala ya siku za mwisho wa mwaka. Malipo yaliyoingia kwenye till usiku wa 31 Desemba yanaweza kufika benki Januari, na mkaguzi lazima ajue ni ya mwaka gani.
- Orodha ya pesa zako binafsi zilizopitia till ya biashara, kama zipo. Ukificha ataziona tu, na ataanza kushuku hata zile halali.

Usimpe:

- PIN yako, hata kama ni rafiki yako wa miaka mingi.
- Namba ya siri ya kuthibitisha inayotumwa kwa ujumbe mfupi.
- Simu yako "aangalie mwenyewe". Ukaguzi unahitaji kusoma rekodi, hauhitaji uwezo wa kutoa pesa.

Angalia pia kama barua ina kipengele cha usiri. Taarifa ya paybill imejaa majina na namba za simu za wateja wako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzitunze. Barua iseme nani ataziona, zitatumika kwa kazi gani tu, na zitahifadhiwa vipi. Wewe nawe usitupe rekodi mara kazi ikiisha, kwani sheria ya taratibu za kodi inakutaka uzihifadhi miaka mitano.

Ada, muda, na mambo yakibadilika njiani

Barua nzuri haikuachi ukikisia bei. Inasema ada ni kiasi gani, kama VAT ya asilimia 16 imo au itaongezwa, nani analipia usafiri, na malipo ni kwa awamu zipi. Inasema pia wewe utaleta vitabu lini na yeye ataleta ripoti lini. Ukichelewesha vitabu mwezi mzima, usimlaumu kwa kuchelewesha ripoti.

Mara nyingine mteja hutaka kubadilisha kazi katikati. Tuseme mkaguzi ameshindwa kuthibitisha madeni unayodai, na ripoti haitakuwa safi. Unamwambia, "Basi wacha ukaguzi, fanya mapitio tu." Atakataa, na atakuwa sawa. Mabadiliko yanahitaji sababu ya haki, kama vile mahitaji yako kubadilika kweli, na kukwepa maoni mabaya si sababu ya haki. Ni hivyo hivyo ukimwambia mwanzoni, "Kagua yote, ila akaunti ile usiiguse." Kama zuio hilo litamfanya ashindwe kutoa maoni, hatakiwi kuipokea kazi hiyo, isipokuwa pale sheria inapomlazimu.

Maswali tunayotarajia kutoka kwako

*Lazima tusaini barua mpya kila mwaka?*
Si lazima. Barua moja inaweza kuendelea. Lakini mkaguzi anapaswa kuangalia kila mwaka kama bado inafaa. Wakurugenzi wakibadilika, biashara ikikua sana, au ikionekana hamkuelewa kazi yake, iandikwe upya.

*Biashara yangu ni ndogo. Nalazimika kukaguliwa?*
Inategemea umesajiliwa vipi. Sheria ya Kampuni ya 2015 ina nafuu kwa kampuni ndogo zinazotimiza masharti, lakini vyama vya ushirika, sacco zikiwemo, hukaguliwa kila mwaka. Hata usipolazimishwa na sheria, benki au mfadhili anaweza kutaka.

*Mhasibu anayeniandikia vitabu anaweza kunikagua?*
Kuwa mwangalifu. Mtu akikagua kazi ya mikono yake mwenyewe, uhuru wake unatiliwa shaka. Muulize atalindaje uhuru huo, na majibu yaandikwe.

*Nitajuaje kama mkaguzi ni halali?*
Muulize cheti chake cha kufanya kazi kwa umma, kisha hakikisha jina lake kwa ICPAK. Usiridhike na muhuri peke yake. Muhuri unaweza kuchongwa mtaani kwa dakika chache.

Kabla ya kusaini, pitia haya

☐ Aina ya kazi imetajwa wazi: ukaguzi, mapitio, uandaaji au taratibu maalum.
☐ Kipindi na matawi yote yametajwa.
☐ Umesoma sehemu ya wajibu wako na unaweza kuutimiza.
☐ Imetajwa ataripoti kwa nani akikuta tatizo.
☐ Ada, kodi, gharama na tarehe zimeandikwa.
☐ Kuna kipengele cha usiri wa data.
☐ Anayehitaji ripoti, kama benki au mfadhili, amethibitisha kwamba aina hiyo ya kazi inamfaa.
☐ Mwenye mamlaka ya kusaini ndiye anayesaini, na nakala inabaki ofisini.

Zoezi la leo

Kama biashara, shule, kanisa au chama chako kilikaguliwa mwaka jana, itafute barua ya makubaliano. Ukiipata, soma sehemu ya wajibu wako pekee na uandike kando yake jina la mtu anayetimiza kila kipengele. Pale utakapokosa jina la kuandika, hapo ndipo pesa zinaweza kupotea. Na kama barua yenyewe haipo, mpigie mkaguzi wako leo umwombe mwandikiane kabla ya msimu mwingine kuanza. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya biashara, upakue taarifa ya mwaka mzima, na uiweke tayari. Mkaguzi akija, mtaanza na kazi.